Mafuta Tete ya Tangawizi za Mapambo

Tone la mafuta ya nazi likianguka kwenye karatasi huacha doa. Tone la mafuta ya mchaichai hufifia lenyewe, harufu ikabaki chumbani. Tofauti hiyo ndiyo inayohitaji jina.

Wafasiri wengi huyaita mafuta kama hayo ya mchaichai "mafuta muhimu", na wanapotosha. Jina la Kizungu lilitokana na dhana ya kale ya kiini cha mmea, wala halikuhusu umuhimu. Mwili wa binadamu hauyahitaji kama unavyohitaji vitamini. "Mafuta ya kunukia" yanaeleweka, lakini hata mafuta ya nazi yaliyotiwa marashi hunukia. "Mafuta tete" ni bora: yanataja wepesi wa kugeuka mvuke, na ndiyo sababu hupatikana kwa kukeneka, kama yanavyokenekwa makonyo ya karafuu kiwandani Wawi, Pemba.

Jamii ya tangawizi ina utajiri mkubwa wa mafuta haya. Tangawizi ya jikoni ilipewa jina Zingiber officinale na William Roscoe wa Liverpool, katika jarida la Linnean Society ya London, mwaka 1807. Baadhi ya ndugu zake hupandwa hasa kwa ajili ya maua. Hedychium gardnerianum, yenye maua ya manjano na stameni nyekundu, hupendwa na watunza bustani wa Uingereza. Huko Hawaii na New Zealand imegeuka gugu sugu.

Katika mafuta ya jamaa hizi za mapambo, kama Hedychium coronarium na Alpinia zerumbet, hupatikana kiambato kiitwacho sineoli, kilekile cha mkaratusi. Molekuli za namna hii huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hujipenyeza katika utando wa seli ya kuvu. Utando ukilegea, seli huvuja.

London inajua kwa nini uwezo huu wa kudhuru kuvu unafuatiliwa. Kati ya 2015 na 2016, kuvu aina ya Candida auris ilienea katika hospitali moja ya jiji hilo na kuwapata wagonjwa 50. Dawa za kuvu ni za makundi machache, na kuvu hiyo huwa sugu kwa baadhi yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la hatari zaidi.

Hata hivyo, kuzuia kuvu kwenye sahani ya maabara hakujawa tiba. Mafuta tete yasiyozimuliwa huweza kuunguza ngozi, kuyanywa ni hatari, na viambato hubadilika kwa spishi, udongo na msimu. Chupa inayouzwa kwa jina la "muhimu" humficha mnunuzi hayo yote. Ingefaa ibebe jina kamili la mmea na sehemu iliyokenekwa, jani au shina la ardhini.