Suleiman ni Jina la Nani? Ubini na Bibi Harusi



Shaaban ndio mwezi wetu wa kukesha hapa Jangwani. Maharusi wanatoka Kariakoo na mifuko ya vitambaa, wanapita kwetu kupimwa, na siku hizi wengi wanataka foronya za chumba zitariziwe majina. Mmoja alituandikia kwenye karatasi: Mrs Suleiman. Tukamuuliza, mume ndiye Suleiman? Akacheka, akasema hapana, Suleiman ni baba mkwe.

Tukatazamana. Foronya ya fungate, jina la mkwe!

Tusimcheke sana, maana wengi tumechanganya mambo mawili: jina la ukoo wanalotumia Wazungu, na ubini wetu. Tulichukue hilihili la Suleiman tuone lilivyosafiri.

Kwa Kiebrania ni Shlomo, lenye mzizi mmoja na shalom, na kwa Kiarabu mzizi huo ndio uliotupa salaam. Kwa hiyo Suleiman na Dar es Salaam, mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 palipoitwa Mzizima, ni majina ndugu. Wakristo wanalo pia. Biblia ya Kiswahili imeandika Sulemani, na Lebanon, nchi ya Waarabu, ilikuwa na rais Mkristo aitwaye Michel Suleiman kuanzia mwaka 2008 hadi 2014. Sisi tunamjua kama Nabii Suleiman bin Daud, ambaye barua yake kwa malkia wa Sabaa, katika Suratun Naml, imefunguliwa kwa Bismillah. Qur'ani haikumtaja malkia kwa jina. Wafasiri ndio waliomwita Bilqis, na kina Bilkis wetu wametokea hapo.

Pwani yetu jina hili ni la zamani sana. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani Hassan bin Suleiman, yule wa jumba la Husuni Kubwa, aliyesifiwa kwa ukarimu mpaka akaitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa. Baba yake Suleiman alikuwa mwana wa Hassan bin Talut, na Talut ndiye ambaye Wakristo humwita Sauli. Alipofariki Abul Mawahib akashika nduguye, Daud. Basi Talut, Suleiman na Daud, wote katika nyumba moja ya Kilwa!

Lakini angalieni mpangilio: Hassan akamzaa Suleiman, Suleiman akamzaa Hassan. Mjukuu kapewa jina la babu, kama tunavyofanya mpaka leo. Hakuna aliyekuwa "wa ukoo wa Suleiman". Ukoo wao uliitwa Mahdali. Suleiman lilikuwa jibu la swali moja tu: huyu ni mtoto wa nani?

Hivyo ndivyo jina lilivyoenea. Halikutoka kwa babu mmoja. Kila aliyemwita mwanawe Suleiman alianzisha ubini mpya bila kujua. Misafara ya biashara ikalipeleka bara, Tabora, Ujiji, hadi mashariki ya Kongo, na njiani likavaa vazi la Kiswahili likawa Selemani. Visiwani wengi wanasema Sleiman. Nyumba tatu za mtaa mmoja zinaweza kuwa na Suleiman mlangoni na zisiwe na nasaba hata moja.

Kilichotuchanganya ni fomu. Shule, pasi na vitambulisho vilitaka jina la mwisho, na jina la babu lililokuwa linasogea kila kizazi likaganda. Na tahajia nazo zina adha yake: cheti kikisema Selemani na kadi ikisema Suleiman, dirishani mnaonekana watu wawili. Wanaojiandaa kwa ndoa, kagueni hilo mapema.

Sasa dini. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Zaid, aliyelelewa na Mtume (s.a.w.) na kuitwa mwanawe, akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Wakeze Mtume nao walibaki na baba zao: Aisha binti Abubakar, Hafsa binti Umar. Sisi anayetugusa zaidi ni Safiya binti Huyay. Baba yake alikuwa Myahudi na adui mkubwa wa Waislamu, na bado Safiya hakuvuliwa jina lake. Alipodharauliwa kwa asili yake, Mtume alimfundisha aseme kwamba baba yake ni Harun na ami yake ni Musa. Kama Safiya alibaki na Huyay, wewe baba yako amekukosea nini?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haimlazimishi mke kubadili jina. Rais wetu Samia Suluhu Hassan ni mke wa Bwana Hafidh Ameir tangu mwaka 1978, na majina anayoapia ni ya baba na babu yake.

Yule bibi harusi tulimweleza haya huku tunampima mabega. Akanyamaza, kisha akasema baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne, na hakuna kitu cha baba alichobaki nacho isipokuwa jina. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika upya. Foronya moja ina jina lake na la baba yake, ya pili ina jina la mume na la baba yake mume. Uzi wa dhahabu, na hatukumtoza maandishi ya ziada.