Karura: Msitu Ulioponea Chupuchupu

Kwa aliyezoea Buruburu, mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ambako ua wa jirani ndio mwisho wa kuona, hatua mia moja ndani ya Karura zinatosha kubadilisha pumzi. Hapa kuna zaidi ya hekta 1,000 za miti kaskazini mwa Nairobi, na zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli.

Karibu msitu wote upotee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ardhi yake iligawiwa wajenzi wa majumba. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alikuja na wenzake kupanda mti langoni. Walishambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Hakurudi nyuma. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na Agosti mwaka huo serikali ikapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata hivyo, msitu uliosalia uliogopwa kwa sababu ya wahalifu. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali. Wakazi wa pande zote, matajiri wa Muthaiga na vijana wa Huruma, waliungana chini ya chama cha Friends of Karura Forest, wakachangisha fedha za uzio na kufungua njia.

Tazama juu: mbega walirejeshwa hapa kuanzia 2014. Mto Gitathuru unaopita humu huteremka kuelekea Eastlands, na kinachotupwa hapa hufika huko. Usitupe taka.