Buibui wakubwa wa nyumbani na sauti ya madimba

Watu wengi wakisikia neno mila wanafikiri juu ya mahari, matanga ao majina ya mapacha. Sisi tumechagua kuongea juu ya buibui. Si wale wadogo wa kwenye kona, bali wale wakubwa wenye miguu mirefu, wanaoshinda wamebandikwa ukutani nyuma ya kabati ao nyuma ya picha ya ndoa, na usiku taa ikiwaka wanakimbia upande-upande kama kaa. Nyumba za Lubumbashi, za Likasi na za Kolwezi zinawajua muzuri. Na karibu kila mahali jibu ni moja tu: «Piga! Piga ile kintu!» Fagio inashuka, ao kiatu, ao dawa ya kupuliza, na mambo yamekwisha.

Jibu hilo halina umri mkubwa. Wazee wetu hawakupiga kila buibui waliyemwona. Kuna njia tuliyopita mpaka kufika hapa, na njia hiyo ni sehemu ya historia ya mji wetu, ijapokuwa haimo katika vitabu tunavyofundishia.

Kwanza tujue tunaongea juu ya nani, maana jina buibui ni kubwa. Yupo yule bapa kama karatasi, wanazuoni wanamuita Selenops. Hafumi utando wa kukamata wadudu. Anawinda kwa mbio. Mayai yake anayafunika kwa kitambaa cheupe cha hariri, cha mviringo, kimebandikwa ukutani kama kipande cha pesa. Mama wengi wanafikiri ni chokaa imevimba. Yupo mwingine mkubwa zaidi, Heteropoda venatoria: ukipima kutoka ncha ya mguu wa huku mpaka ncha ya mguu wa kule unaweza kupata santimetri 10. Inafikiriwa kwamba asili yake ni Asia, na kwamba alizunguka inchi za joto ndani ya meli, kati ya mizigo ya matunda. Jike anatembea na mfuko wake wa mayai chini ya kifua, bapa na mviringo, haachi hata akifukuzwa. Chakula chake anachopenda ni mende. Tena yupo mwenye manyoya, anayechimba tundu katika uwanja na kulipaka hariri ndani. Huyo haingii nyumbani isipokuwa amepotea njia.

Huyu wa tundu akiuma, maumivu ni makali na mkono unavimba. Wale wawili wa ukutani wanauma kwa nadra sana, na wakiuma ni jambo la kupita, kama nyuki. Wa kuogopa kweli ni mdogo, mwenye tumbo la mviringo, anayejificha chini ya viti na mu vyoo vya nje. Lakini juu ya huyo hakuna anayepiga kelele, sababu ni mdogo. Njo vile woga wetu unavyopima: kwa urefu wa miguu.

Sasa turudi ku kijiji. Nyumba ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, juu majani, katikati moto. Ukuta ulikuwa na rangi ya udongo, na buibui wa ukutani ana rangi hiyo hiyo. Watu waliishi naye bila kumuona sana. Mende, nyenje na wadudu wa usiku walimletea chakula mpaka mlangoni. Hatusemi kwamba babu zetu walimpenda. Hakuna aliyempa jina la mtoto. Walimuacha tu, kama unavyomuacha jirani asiyeomba chumvi. Lakini palikuwa na watu waliomtafuta, na hao ni watengenezaji wa madimba.

Tunaomba msomaji avumilie hapa kidogo, maana hii njo sehemu ambayo vijana wetu hawaijui tena. Madimba, kama Waluba na majirani zao wanavyoyatengeneza, ni mbao ngumu zilizokaushwa, zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo, na chini ya kila ubao kuna kibuyu kilichochaguliwa kwa ukubwa wake, ili kiitikie sauti ya ubao ule na si ya mwingine. Mpaka hapo kila mtu anajua. Ambacho watu hawaoni ni tundu dogo katika kibuyu. Tundu hilo linazungushiwa nta, na juu ya nta inabandikwa ngozi nyembamba sana, nyeupe, inayoachia mwanga kupita. Ubao ukipigwa, hewa ndani ya kibuyu inatikisika, ile ngozi inatetemeka, na sauti inatoka na mvumo, kama mtu anayeimba huku nyuki wako karibu. Bila ngozi ile, madimba yanalia kikavu: tok, tok, tok. Wazee wanasema «haina mudomo».

Na ngozi ile ni kitambaa cha mayai ya buibui. Si utando wa kona, ule unakatika. Ni kile kipande cheupe cha ukutani, ambacho buibui amekikaza yeye mwenyewe kuliko fundi yeyote anavyoweza kukaza. Katika mwaka 1936, Olga Boone wa makumbusho ya Tervuren alitoa kitabu kizima juu ya ala za namna hii katika Kongo ya Wabelgiji. Na si kwetu tu: mafundi wa balafoni za Afrika ya Magharibi wanajua dawa hiyo hiyo. Watu ambao hawakuonana kamwe walifika ku ukuta mmoja na kubandua kitu kimoja.

Mzee mmoja mpigaji, tuliyemuuliza tukiwa na wanafunzi, alituambia kwamba zamani mtoto wa fundi alitumwa nyumba kwa nyumba na wembe. Alipiga hodi, aliomba ruhusa, na mama mwenye nyumba alimuonyesha: «Iko moya kule juu ya mulango.» Nyumba yenye buibui wengi haikuonewa haya. Kinyume chake, ilitembelewa. Na fundi hakuchukua vyote ku ukuta mmoja, maana mwaka ujao angevihitaji tena: ngozi inapasuka, inaregea wakati wa mvua, inaliwa na wadudu. Madimba yanataka kubadilishiwa mdomo kila mara.

Hata mahali pasipo na madimba buibui alikuwa na heshima fulani. Ku pwani ya Loango, mfanyabiashara Muingereza R. E. Dennett aliandika hadisi za watu wa huko na kuzitoa mwaka 1898. Katika moja, buibui njo anayefunga uzi wake mpaka mbinguni ili wanyama wenzake wapande kuomba moto kwa Nzambi Mpungu. Na ndugu zetu Waislamu wa Maniema, tangu wakati wa Nyangwe na Kasongo ya karne ya 19, wana hadisi yao iliyokuja na dini: Mtume alipotoka Makka mwaka 622 alijificha katika pango la Thawr, buibui akafuma mlangoni, na waliomfuata wakaona utando mzima wakarudi. Aliyekuzwa na hadisi ile hainui kiatu haraka.

Basi fagio ilianza lini? Sisi tunafikiri ilianza na ukuta mweupe.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli ilifika Élisabethville mwaka 1910. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuwa wanaume wa mkataba mfupi, wanaokaa vibaya na kufa wengi. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadilisha siasa yake: ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi, na bibi na watoto, ndani ya kambi. Mwaka huo huo reli ya BCK ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na watu wa Kasai walishuka kwa wingi. Madimba yalipanda treni pamoja nao. Lakini nyumba waliyopewa ilikuwa nyingine: matofali, baadaye malata juu, na ndani chokaa. Juu ya chokaa, buibui yule yule ambaye ku kijiji hakuonekana, sasa anaonekana kama doa la wino katika daftari. Hakubadilika yeye, kilichobadilika ni rangi ya nyuma yake.

Tena palikuwa na macho ya kumuangalia. Masista na waalimu wa foyer social waliwafundisha mama kushona, kupika na kusafisha. Wakaguzi wa usafi walipita kambini. Kwa mama aliyetoka kijijini juzi, kuta zake zilikuwa cheti chake. Hatuwacheki. Mafundisho mengine yalikuwa mazuri kabisa: maji ya kuchemsha, choo cha kufunika, mtoto wa kupimwa uzito. Lakini ndani ya kifungu kimoja «ondoeni wadudu» waliwekwa wote pamoja, mende na anayekula mende. Baada ya vita ya 1939-1945 ilikuja DDT, na watu wa hijieni wakapuliza ukuta hadi ukuta. Mbu walikufa, ni kweli, na watoto wengi walipona. Buibui walikufa pia. Baadaye mende walirudi wa kwanza, kama kila mama wa Lubumbashi anavyoweza kushuhudia.

Madimba hayakunyamaza siku moja. Hugh Tracey, aliyezunguka na mashine yake ya kurekodi, alipita Kongo ya kusini mwaka 1952 na 1957, na madimba aliyakuta. Sahani zake zinatunzwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Kanisa nalo lilisaidia: baada ya Mtaguso wa 1962-1965 ala za kwetu ziliingia misani, na mwaka 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaïre. Kilichoumiza zaidi ni miaka ya 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakilala ku stesheni wakingoja treni. Kati yao walikuwamo watu wa madimba. Chombo kizito hakibebwi wakati wa kukimbia. Tumeona kimoja mu uwanja wa nyumba, mbao zake zimekwisha kuwa kuni.

Yale yaliyobaki, mengi yamebandikwa plastiki ya mfuko ao karatasi ya sigara. Inavuma, ndiyo. Lakini plastiki inavuma sawasawa kwa kibuyu kikubwa na kwa kibuyu kidogo, na mtu mwenye sikio anachoka haraka.

Kuna jambo lingine linalotusumbua kama waalimu kuliko muziki. Katika miaka ya taabu, buibui mkubwa ndani ya nyumba amepata maana mpya: «ametumwa». Amelala juu ya kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo kuna mtu nyuma yake. Na mtu huyo mara nyingi anatafutwa kati ya watoto, hasa yatima aliyekaribishwa. Tumesikia maneno haya kwa watu wenye diploma. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamuadhibu anayemshitaki mtoto kwa uloga, na ni muzuri ijulikane. Lakini hakimu hayuko usiku chumbani wakati buibui anapita. Aliyeko ni mjomba, shangazi, jirani, na kama hakuna hata mmoja anayejua kwamba mnyama huyu amefuata mende waliofuata makombo ya bukari, basi maelezo ya uloga yanakuta mlango wazi.

Kwa hiyo tuseme namna ya kufanya, maana wanafunzi wanatuuliza. Buibui wa ukutani akiwa sebuleni na wageni wanaogopa, mfunike kwa kopo la plastiki, pitisha kartoni kati ya kopo na ukuta, umpeleke jikoni ao depo ya makala. Huko kazi haikosekani. Usipige kwa mkono mtupu. Dawa ya kupuliza katika chumba kilichofungwa, watoto wakiwa wamelala, inaumiza vifua vyao mbele ya kuondoa buibui, na pitroli mbaya zaidi. Ukitaka wapungue, funika chakula na osha sahani jioni: mende wakikosekana, nao wanahama. Tundu la yule mwenye manyoya lisichokonolewe na kijiti, kazi wanayopenda vijana. Liwekeeni alama, watoto wasicheze hapo. Wale wadogo wa chini ya viti na wa choo, hao ndio wa kufagia, na viatu vilivyolala nje vikung'utwe asubuhi. Mtu akiumwa na maumivu yanapanda mwilini, apelekwe hospitali bila kungoja, na jeraha lisibandikwe utando wala udongo.

Vile vipande vyeupe vya ukutani tumewaomba wanafunzi wa darasa la tano wavilete, vikavu, kati ya kurasa mbili za daftari, baada ya watoto wa buibui kutoka. Vingi vinafika vimetoboka. Vile vizima kiasi tunampelekea yule mzee, ambaye anaviinua mbele ya dirisha kimoja kimoja, anavikunjua kwa kucha, na vingi anavirudisha. Mwaka uliopita alikubali vinne. Madimba yake yana vibuyu 17.