Folda hii tuiweke wapi? Historia fupi ya kurasa zinazowekwa mtandaoni kwa kuvutwa tu



Juma lililopita vijana watatu walinitembelea wakiwa na fleshi moja. Ndani yake mlikuwa na folda yenye kurasa nne: mabomba ya maji ya mtaa wao, saa zinazofunguliwa, bei ya bidoni, na ramani waliyoichora kwa mkono kisha wakaipiga picha. Wawili kati yao walihama Masisi kwa sababu ya vita. Wanajua jinsi mama anavyozunguka na bidoni tupu asubuhi nzima kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba bomba la chini limefungwa. Walitaka mtu yeyote mwenye simu aweze kufungua kurasa zile. Swali lao lilikuwa hili: "Folda hii tuiweke wapi, na itakaa hapo muda gani?"

Swali la kwanza siku hizi lina jibu rahisi. Unafungua tovuti ya kampuni fulani kwenye kompyuta, unaishika folda yako kwa panya, unaivuta na kuiachilia ndani ya kisanduku kilichochorwa hapo. Baada ya sekunde chache unapewa anwani, na mtu wa Uvira au wa Nairobi anaweza kuifungua saa ileile. Hulipi kitu. Swali la pili ndilo gumu, na ili kulijibu lazima tupite katika historia.

Mwishoni mwa mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Mwingereza Tim Berners-Lee aliwasha tovuti ya kwanza duniani. Seva yake ilikuwa kompyuta moja tu juu ya meza, na juu yake alibandika karatasi ya kuwaonya wenzake kwamba mashine hiyo ni seva, wasiizime. Sisi tunaojua umeme wetu tunaielewa karatasi ile kuliko wengi. Tovuti yenyewe ilikuwa mafaili ya maandishi ndani ya folda, basi. Mtu akiomba ukurasa, seva inachukua faili na kumpa kama lilivyo. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1993 CERN ilitangaza kwamba programu hizo ni za watu wote, bila malipo.

Tovuti ya namna hiyo huitwa tovuti tuli. Ni kama tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa parokia: kila apitaye anasoma maneno yaleyale. Namna nyingine ni kama karani wa ofisi: kila mgeni akifika, karani anafungua kabati, anatafuta karatasi zake, anamwandikia barua mpya. Karani ana faida zake, kwa mfano katika benki au kwenye mitandao ya kijamii. Lakini anachoka, anagharimu, na kabati lake linaweza kuvunjwa na wezi. Tangazo la ukutani halina kabati la kuvunja.

Kulifikisha tangazo ukutani ndiko kulikokuwa na taabu. Njia ya kusafirisha mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine, inayoitwa FTP, iliandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa akisoma MIT kule Marekani. Ni ya zamani kuliko mtandao wa kurasa kwa karibu miaka 20. Ulihitaji programu ya pekee, anwani ya seva, jina la mtumiaji na neno la siri, halafu utume mafaili yako. Laini ikikatika katikati, tovuti inabaki nusu. Tena ilibidi uwe na seva ya kutumia, na kwa watu wengi hiyo ilimaanisha kulipa kodi kila mwezi.

Hapo ndipo ilipoingia GeoCities. Mwishoni mwa mwaka 1994, kule Los Angeles, David Bohnett na John Rezner walianzisha kampuni iliyoitwa kwanza Beverly Hills Internet. Wazo lao lilikuwa kumpa kila anayetaka kiwanja cha bure mtandaoni, na viwanja vyenyewe walivipanga kwa mitaa. Wapenzi wa sinema walikaa Hollywood, watu wa kompyuta SiliconValley, watu wa elimu na falsafa Athens. Kila ukurasa ulikuwa na namba kama nyumba ya barabarani. Nafasi ilikuwa ndogo sana, hata chini ya picha moja ya simu ya leo. Hata hivyo watu walijenga: kurasa za mbwa wao, za wimbo wanaoupenda, za mtoto aliyefariki, za ugonjwa ambao daktari hakuwaeleza vizuri.

Mwaka huohuo wa 1994, hapa kwetu, umati wa wakimbizi kutoka Rwanda ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Goma mwezi wa 7, na watu walitafutana. Hakuna aliyefikiria tovuti. Chombo kilichofanya kazi ya ukuta wa matangazo kilikuwa redio. Radio Agatashya ilirusha matangazo kutoka Bukavu, na wazee wetu wanaikumbuka. Vita vilipofika mwishoni mwa mwaka 1996, ikazimika. Naitaja kwa sababu inajibu nusu ya swali la vijana wangu: ukuta wowote unakaa muda ule ambao mwenye ukuta anaweza, au anataka.

Turudi GeoCities. Mwezi wa 1 mwaka 1999 kampuni ya Yahoo ilikubali kuinunua kwa hisa za thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Miezi michache baadaye Yahoo ikatoa masharti mapya yaliyosomeka kana kwamba kila kilichoandikwa na wakaaji sasa ni mali ya kampuni. Wakaaji wakapiga kelele, wengine wakahama, na Yahoo ikarudi nyuma. Lakini walikuwa wameonja jambo ambalo mpangaji yeyote wa Goma analijua tangu utoto: nyumba ikibadilisha mwenyewe, mkataba nao hubadilika.

Mwaka 2009 ukaja mwisho. Mwezi wa 4 Yahoo ilitangaza kwamba itafunga, na tarehe 26 mwezi wa 10 ikafunga. Kurasa zilikuwa zaidi ya milioni 38. Wenye habari waliziokoa zao. Lakini wangapi walikuwa wamebadilisha barua pepe, wamesahau neno la siri, au wamekufa? Kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho Archive Team, kikiongozwa na Jason Scott, kilitumia miezi ile kunakili kila walichoweza. Mwaka mmoja baadaye walikitoa kwa umma kama fungu moja la zaidi ya gigabaiti 600. Tawi la Japani liliendelea peke yake, nalo likafungwa mwezi wa 3 mwaka 2019. Mimi husoma habari hii kama habari ya kuhama. Wale waliopona ni wale waliokuwa na nakala mkononi kabla ya siku ya kufukuzwa.

Wakati huohuo makarani walikuwa wameshinda. WordPress ilitoka mwaka 2003, na tovuti nyingi zikawa za kabati na karani. Kurasa zikanenepa. Kwa mtu wa Marekani hilo si kitu. Kwa mama anayenunua mega za faranga mia chache ili asome tangazo moja, ukurasa mzito ni mzigo wa chukudu uliopakiwa mawe juu ya viazi.

Kurudi kwa tovuti tuli kulianza na watu wa programu wenyewe. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alitoa programu ya Jekyll inayogeuza maandishi kuwa folda ya kurasa tuli, na mwaka huohuo GitHub ikaanza kuzihifadhi kurasa hizo bure. Vizuri, lakini ilikuwa lazima ujue amri zao, na amri zile ni shule nzima. Watu wa kawaida walipata njia ya mkato: Dropbox, ghala la mafaili lililofunguliwa mwaka 2008, lilikuwa na folda ya umma. Ukiweka humo faili la ukurasa, tayari una tovuti. Google Drive nayo ilifanya hivyo kwa muda. Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine: Google ilimaliza mwezi wa 8 mwaka 2016, Dropbox ikawafungia wasiolipa kati ya mwaka 2016 na 2017.

Kuvuta na kuachilia kwenyewe kulingoja kivinjari kijifunze. Zamani ukivuta faili na kuliachilia juu ya ukurasa, kivinjari kilifungua faili hilo na kuufuta ukurasa uliokuwa ukiusoma. Mwaka 2010 Gmail ilianza kupokea mafaili yaliyovutwa hivyo kutoka mezani pa kompyuta, na mwaka 2012 Chrome ikaweza kupokea folda nzima. Mlango ukawa wazi. Mwaka 2013 Wadenmark wawili, Mathias Biilmann na Christian Bach, walifungua BitBalloon: achilia folda hapa, chukua anwani yako. Kutoka hapo wakazaa kampuni ya Netlify, na mwaka 2018 wakatoa Netlify Drop, ambayo mwanzoni haikukuuliza hata jina. Lakini ukurasa usio na mwenyewe uliishi saa 24 tu. Ukitaka ubaki, ujiandikishe. Zilifuata nyingine, kama Tiiny Host inayopokea faili la zip au hata PDF moja.

Mwaka uleule wa 2013 Kyle Drake alianzisha Neocities, na jina lenyewe linasema alichokuwa akiomboleza.

Kwa nini ni haraka hivyo? Kwa sababu hakuna la kupika. Folda inanakiliwa katika seva za miji mbalimbali, na msomaji anapewa na ile iliyo karibu naye. Cheti cha usalama, ambacho zamani kililipiwa, kinatolewa bure tangu Let's Encrypt ilipofungua milango mwezi wa 12 mwaka 2015, na kampuni inakuwekea bila wewe kujua. Kosa moja nalilaumu: waliobuni kisanduku hiki waliwaza kompyuta na panya. Vijana wetu wana simu. Kwenye simu huna mahali pa kuvuta folda, inabidi uifunge kuwa zip kisha uichague, na si kampuni zote zinazokubali.

Sasa tuje kwetu. Anwani za nchi hii zilikuwa zikiishia kwa .zr, za Zaïre. Mwaka 1997 jina la nchi lilipobadilika tukapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Na tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu majuma matatu. Siku zile tovuti iliyohifadhiwa vizuri Amerika ilikuwa kama ghala lililojaa ng'ambo ya mto usio na daraja.

Lakini hapa tovuti tuli ina siri ambayo tovuti ya karani haina. Folda ileile uliyoivuta mtandaoni inafunguka ndani ya simu bila mtandao wowote. Iweke kwenye kadi ndogo ya simu, itume kwa Bluetooth, mpe motari aipeleke Sake. Kivinjari cha simu kikikubali kusoma mafaili ya ndani, ramani itaonekana na viungo vya kutoka ukurasa hadi ukurasa vitafanya kazi. Kurasa nne za vijana wangu, pamoja na picha ya ramani tuliyoipunguza, hazikufika hata megabaiti moja.

Jambo moja tulibishana. Kijana mmoja alitaka kuongeza ukurasa wa tano: majina ya watoto waliopotezana na wazazi, umri, na mahali wanapolala. Nia yake ni njema, na aliposema mdogo wake ni mmoja wao, nilikaa kimya kwanza. Lakini tangazo la ukutani halichagui msomaji. Anayetafuta mtoto ili amkumbatie na anayetafuta mtoto ili amtie bunduki mkononi wote wanasoma ukurasa mmoja. Tena ukishaweka, huwezi kurudisha: mashine za Internet Archive zinanakili kurasa tangu mwaka 1996, na mtu yeyote anaweza kupiga picha ya kioo cha simu yake. Kazi ya kutafutanisha familia ina watu wake, Msalaba Mwekundu, ambao majina hawayatangazi ovyo. Ukurasa wa tano ukawa mistari miwili: nenda kwa Msalaba Mwekundu aliye karibu nawe, huduma ni bure.

Jioni tuliivuta folda, tukaiachilia, anwani ikaja kabla kijana wa pili hajamaliza kufunga mlango. Tulijiandikisha ili isifutwe. Kisha tulinakili folda kwenye kadi tatu, kila mmoja akachukua yake, na nakala ya nne imebaki hapa kwangu katika bahasha. Bei ya bidoni ikibadilika, tumekubaliana kwamba yule anayekaa karibu na bomba ndiye atakayebadilisha, na wengine watapokea toka kwake. Nami anwani nitaisoma redioni, polepole, mara mbili, ili wenye kalamu waandike.