Mnazi: Tembo linalomngoja msafiri Kaloleni

Msafiri atokaye Nairobi kwa gari kuelekea Pwani hufika Mariakani akiwa amechoshwa na msururu wa malori. Akiiacha barabara kuu hapo na kushika ile ya Kaloleni, itokezayo Mavueni karibu na mji wa Kilifi, mandhari hubadilika. Nyika hukatika, vilima huanza na minazi hutanda kila upande. Chini ya mapaa ya makuti kuna mabenchi, na madebe ya plastiki yenye kinywaji cheupe mithili ya maziwa yaliyotiwa maji. Mgeni aliyezoea bia ya chupa hukionja kwa shaka, kisha akaomba tena.

Hilo ni tembo la mnazi. Halipikwi, halikorogwi wala halitiwi hamira. Ni utomvu wa mti wenyewe. Mgema hulifunga kwa kamba karara ambalo halijachanua, akalikata ncha kwa kotama na kutundika kibuyu ili kukinga matone. Hupanda asubuhi na jioni, na kila apandapo hukata kipande kingine chembamba, maana jeraha likikauka utomvu hukatika. Mnazi mrefu waweza kufika mita 25 au zaidi, na ngazi yake ni pango zilizochongwa shinani. Anayeteleza hana wa kumlipa fidia.

Utomvu huo una sukari nyingi, na vijidudu vya hamira vilivyomo hewani na kibuyuni huanza kuila papo hapo. Lililogemwa alfajiri huwa tamu na karibu halina kileo. Baada ya saa kadhaa hufikia kiwango cha bia ya kawaida, yaani asilimia nne au tano hivi. Kesho yake bakteria hukigeuza kileo kuwa siki. Kwa hiyo mnywaji wa Kaloleni haulizi tembo limetoka kiwanda gani, bali limeteremshwa saa ngapi.

Wamijikenda wenyewe hukiita kinywaji hiki uchi, jina ambalo humchekesha au kumtahayarisha Mswahili asiyejua lugha yao. Kwao si cha mangweni pekee. Huhitajika katika mahari, matanga, maombi kwa wahenga na vikao vya wazee vya kusuluhisha ugomvi. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyewachunguza Wagiriama wa eneo la Kaloleni, alikipa kitabu chake cha mwaka 1972 jina linalotaja minazi, tembo na mashahidi kwa pamoja. Alionyesha jinsi umiliki wa miti ulivyothibitishwa kwa ushahidi wa wazee, na wazee hao hawakukutana midomo mikavu.

Mvutano na serikali ni wa tangu ukoloni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliagiza baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Kwa bia ya chupa, agizo hilo huchelewesha unywaji tu. Kwa mnazi, matokeo yake ni kinyume na lengo: tembo laini la asubuhi haliruhusiwi kuuzwa, na saa ya kufungua mlango inapowadia limekwisha kuwa kali. Aliyeiandika sheria hiyo, yaonekana, hakumwuliza mgema.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, leseni za vileo zimekuwa mikononi mwa kaunti. Hata hivyo, kila pombe yenye sumu inapoua watu, kama ilivyotokea Mei 2014 katika Embu, Kiambu na kwingineko, vinywaji vyote vya kienyeji hutiliwa shaka. Shaka hiyo haistahili kwa mnazi safi, ambao haukenekwi wala hauna haja ya kemikali. Hatari yake ni muuzaji anayeuongeza kitu, au maji machafu tu.

Mkulima naye ana hesabu yake. Karara lililogemwa halizai nazi. Nazi hungoja mwaka mzima na bei ya dalali, ilhali tembo huleta pesa kila siku, na karo ya shule haingoji. Sri Lanka hulikeneka tembo hili kuwa araki ya kuuzwa ng'ambo, na Nigeria hutia chupani tembo la michikichi baada ya kulichemsha kiasi ili lisizidi kuchacha. Kilifi bado huuza lake kwa lita, kando ya barabara.

Dereva asiliguse, ila abiria wake wana ruhusa. Anayetaka kuwapelekea jamaa wa Nairobi ajue kwamba atawafikishia siki. Akishikilia kubeba, aache kifuniko kikiwa kimelegea, kwani tembo huendelea kutoa gesi njiani na chupa iliyokazwa yaweza kupasuka kabla ya Voi.