Apolipoprotini: Istilahi na Tafsiri Yake

Apolipoprotini ni jina la jamii ya protini zinazoshikamana na lipidi katika damu ya binadamu na ya mamalia wengine. Lipidi, yaani mafuta pamoja na vitu vya aina yake kama kolesteroli, haziyeyuki katika maji, na kwa kuwa damu kwa sehemu kubwa ni maji, haziwezi kusafiri zenyewe kutoka utumboni au kwenye ini hadi kwenye misuli. Apolipoprotini huzizingira, upande wake mmoja ukielekea mafuta na mwingine ukielekea maji, hata ikaundika chembe ndogo inayoelea katika damu. Chembe hiyo nzima, protini pamoja na shehena yake, ndiyo lipoprotini. Kiambishi apo, chenye asili ya Kigiriki na maana ya kutengwa na kitu, huonyesha kwamba inayotajwa ni protini pekee, lipidi zikiwa zimeondolewa.

Mfasiri anaweza kuvutiwa na neno lililo jepesi zaidi, kama vile protini chukuzi ya mafuta. Neno hilo linaeleweka upesi, lakini halitoshi, kwa sababu albumini nayo huchukua asidi za mafuta katika damu ilhali haimo katika jamii hii, na pia kwa sababu uchukuzi ni sehemu tu ya kazi ya apolipoprotini. Apolipoprotini C-II huamsha kimeng'enya kinachovunja mafuta ili tishu ziyatumie, na apolipoprotini E hutambuliwa na vipokezi vya ini, vinavyoiondoa chembe katika mzunguko wa damu.

Herufi na namba zinazofuata jina nazo zina habari. B-100, inayotengenezwa na ini, ni mnyororo mrefu wa asidi amino 4536. Utumbo wa binadamu hutumia jeni ileile, ila humo kimeng'enya maalumu hubadilisha herufi moja tu ya RNA mjumbe, na kuunda alama ya kukomesha, hivyo protini hukatika ikiwa imefikia asilimia 48 ya urefu huo. Ndiyo maana huitwa B-48.

Ya ajabu zaidi, na inayoihusu Afrika moja kwa moja, ni L1. Kimelea Trypanosoma brucei brucei, kinachoenezwa na mbung'o na kuwaletea mifugo ugonjwa, hakimwambukizi binadamu kwa kawaida, kwa kuwa L1 iliyomo katika damu yake hukiingia na kutoboa tando zake hadi kikafa. Ndugu yake, rhodesiense, anayesababisha malale nchini Tanzania, Uganda na kwingineko mashariki na kusini mwa Afrika, ana protini inayoikamata L1 na kuizuia isifanye kazi. Kuiita silaha hii mchukuzi wa mafuta ni kuificha.

Kwa hiyo istilahi inayofaa ni apolipoprotini, katika ngeli ya i-/zi-, na waandishi wa vitabu vya afya hawana budi kuepuka kuichanganya na lipoprotini. Tofauti hiyo ina uzito hata katika maabara: kila chembe ya lipoprotini ya msongamano mdogo hubeba B-100 moja tu, kwa hiyo kupima apolipoprotini B huonyesha wingi wa chembe, jambo ambalo kipimo cha kolesteroli peke yake hakionyeshi.