Idi Amin kwenye filamu ya 1974: aliropoka au alikusudia?

Ndani ya kibanda umiza, iwe Kayanga wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa, kuna kitu kinachozua ubishi kuliko ngumi zote. Adui anaongea, mara neno moja linamtoka na siri yake inajulikana. Hapo watazamaji wanagawanyika. Hawa wanasema jamaa kajisahau, wale wanasema kasema makusudi.

Ipo filamu moja ambayo ubishi huo ni mzito zaidi, kwa sababu adui wake hakuwa mwigizaji. Ni Idi Amin mwenyewe, aliyekuwa anatawala ng'ambo ya mto Kagera.

Filamu yenyewe

Inaitwa General Idi Amin Dada na ilitoka mwaka 1974. Aliyeiongoza ni Barbet Schroeder, na aliyeshika kamera ni Néstor Almendros. Amin, aliyechukua madaraka kwa mapinduzi Januari 25, 1971, aliwakaribisha na kuwapangia mengi ya kupiga picha. Ndiyo maana Schroeder aliiita picha ya Amin iliyochorwa na Amin mwenyewe. Hata muziki unaosikika ni wa kwake, anapiga kodiani.

Ndani yake utamwona Amin akishindana kuogelea na kushinda. Utamwona kwenye boti akionyesha wanyama wa Uganda. Utamwona pia akiongoza mazoezi ya kuiteka milima ya Golan, na jeshi lenyewe ni askari wachache na helikopta.

Kisha inakuja sehemu inayofuta kicheko: kikao cha Baraza la Mawaziri. Amin anawafokea mawaziri wake, nao wameinamisha vichwa wakiandika kama wanafunzi. Analalamikia kazi ya waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Mwaka huohuo wa 1974 mwili wa Ondoga ulikutwa katika mto Nile.

Wanaosema aliropoka

Hoja yao ni rahisi. Hakuna mtawala mwenye akili timamu anayemwalika mgeni na kamera aje aone mawaziri wakitetemeka. Kwao Amin alinogewa na sifa, akasahau kwamba kamera inarekodi.

Wanataja pia kikao chake na madaktari mjini Kampala. Kamera inaukaribia uso wake, yeye amenyamaza, macho yanahangaika. Kwa hao, pale kinyago kilianguka.

Wanaosema alikusudia

Hawa wanajibu kwamba Amin alijua nguvu ya kuchekesha. Mwaka 1972 alimtumia Mwalimu Julius Nyerere telegramu akisema anampenda, na kwamba Nyerere angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa, mvi zake zikiwepo. Dunia ilicheka. Wakati dunia inacheka, watu walikuwa wanauawa Uganda.

Kwa upande huu, kumfokea waziri mbele ya kamera ulikuwa ujumbe kwa kila Mganda: kama waziri anafanywa hivi, wewe ni nani?

Dakika mbili na nusu

Kuna tukio linalosaidia kuamua. Schroeder alitengeneza filamu mbili: fupi ya kama saa moja kwa ajili ya Uganda, na ndefu ya kama saa moja na nusu kwa nchi nyingine. Amin alituma watu London wakaitazame ile ndefu na kuandika kila kilichomo. Aliposomewa, akadai vipande vikatwe.

Schroeder alikataa. Kwa maelezo ya Schroeder mwenyewe, Amin aliwakusanya Wafaransa karibu 200 waliokuwa Uganda, akawaweka hotelini chini ya ulinzi wa jeshi, na kuwapa namba ya simu ya mwongozaji wampigie wao wenyewe. Vipande vikakatwa, na mahali pake yakawekwa maandishi ya kueleza nani aliyetaka vikatwe. Amin alipoanguka, vilirudishwa.

Angalia urefu wa vipande hivyo: dakika mbili na nusu tu, katika filamu ya saa moja na nusu. Alikuwa na mateka na alikuwa na nguvu za kudai zaidi. Sehemu kubwa ya filamu hakuwa na neno nayo.

Kwa hiyo jibu ni lipi?

Pande zote mbili zimekosa kidogo. Mtu aliyeropoka angetaka karibu kila kitu kifutwe, na aliyekuwa ametega angeficha mtego wake. Amin alisema na kutenda vile mbele ya kamera kwa sababu hakuona kosa. Kwake kiongozi ndivyo anavyoongoza. Sisi tunaona adui wa filamu, yeye alikuwa anajiona steringi.

Kwa nini linawahusu watu wa Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978, miaka minne baada ya mzaha wa Golan, majeshi ya Amin yaliingia Tanzania. Mwanzoni mwa Novemba alitangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Eneo hilo leo liko wilaya ya Missenyi, jirani na Karagwe na Kyerwa, ambazo wakati huo zilikuwa wilaya moja hadi zilipogawanywa mwaka 2012.

Novemba 2, Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana. Hata hapo Amin hakuacha mzaha: alipendekeza yeye na Nyerere wamalize vita ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na mwaka huohuo mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 16, 2003.

Aliyekuwa Paris au London mwaka 1974 aliweza kuitazama filamu ile na kucheka hadi mwisho. Aliyekuwa Murongo, ambako ukivuka mto Kagera tu uko Uganda, hakuwa na nafasi hiyo. Mtawala jirani akisema jambo la kutisha huku anacheka, swali la kama alikusudia linaweza kusubiri. La kwanza ni kuangalia ana jeshi kiasi gani.

Wewe unaonaje: Amin alijisahau, au alijua anachofanya?